Bei ya Windows iandikwe peke yake

Muulize muuza laptopu yeyote wa Kariakoo Windows iliyomo ndani ya mashine anayokuuzia ni shilingi ngapi. Atakwambia hiyo ni bure, imekuja nayo. Hakudanganyi kwa makusudi. Aliyemuuzia kwa jumla hakumtajia bei hiyo, na huyo wa jumla naye hakutajiwa kule Dubai alikofungashia mzigo. Bei imemezwa tangu kiwandani, ikafika dukani ikiwa haina jina. Lakini Microsoft haigawi Windows sadaka. Ukiinunua peke yake Marekani, Windows 11 Home ni dola 139 na Pro ni dola 199, maana yake zaidi ya shilingi laki tatu kwa ile ya chini. Viwanda vinalipa pungufu ya hapo, kwa mikataba isiyotangazwa, ila vinalipa, na hela hiyo kiwanda hakitoi mfukoni mwake. Anatoa mnunuzi.

Mimi mnunuzi nina neno. Nina steshenari Morogoro, jirani na chuo. Natoa kopi, nachapa ripoti na tasnifu, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu mtandaoni. Mashine zangu karibu zote zinatumia Linux, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows. Sikuhamia huko kwa sababu ya itikadi, wala sijui kuandika programu. Nilihamishwa na flashi za wanafunzi. Aliyewahi kukaa kaunta ya steshenari anajua: kijana anachomeka flashi asubuhi, ikifika saa sita mafaili ya kila mteja yamegeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka, na wote wanakuja kulia kwako. Mtu ana tasnifu ya kurasa mia na ishirini, siku ya kuwasilisha ni kesho, na anakutazama kama wewe ndiye uliyemroga. Virusi vile vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux flashi ileile inafunguka, mafaili ya kweli yanaonekana pamoja na yale takataka yaliyofichwa, nayafuta, namchapia kazi yake, anaondoka. Hiyo ndiyo teknolojia yangu yote.

Sasa mtu wa namna yangu akienda kununua laptopu mpya, anachajiwa kitu ambacho atakifuta jioni ileile. Na akiuliza apunguziwe, anaonekana ana matatizo.

"Dada, sasa nikikutolea Windows si nitakuwa nimekuharibia mashine?" kijana mmoja wa duka aliniambia, kwa huruma kabisa.

Hapo ndipo lilipo tatizo, na lina historia. Miaka ya tisini mwanzoni, Microsoft ilikuwa na mikataba na viwanda vya kompyuta iliyohesabu mashine badala ya kuhesabu programu. Kiwanda kikitoa kompyuta elfu, kinalipia elfu, hata kama mia kati ya hizo zimetoka na mfumo wa kampuni nyingine. Kwa kiwanda, kuweka mfumo wa mshindani maana yake ni kulipa mara mbili kwa mashine moja. Julai 1994 Wizara ya Sheria ya Marekani iliibana kampuni hiyo ikakubali kuacha mikataba ya aina hiyo, na mahakama ikaidhinisha makubaliano hayo mwaka uliofuata. Mkataba ukafa, mazoea yakabaki. Kizazi kizima cha wauzaji na wanunuzi kilikuwa kimeshafundishwa kwamba kompyuta bila Windows ni kompyuta mbovu, na somo hilo halikuhitaji mkataba tena.

Wazungu wamejaribu kwenda mahakamani. Masharti ya Windows yenyewe, yale ambayo kila mtu anabonyeza "nakubali" bila kusoma, kwa miaka mingi yalisema kwamba usipoyakubali uwasiliane na aliyetengeneza mashine kuhusu kurudisha na kurudishiwa fedha. Mfaransa mmoja alinunua laptopu ya Sony mwaka 2008, akakataa masharti, akadai fedha ya programu. Sony ikamwambia irudishe mashine nzima, upewe euro 549 zako zote. Yeye alitaka mashine abaki nayo. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Septemba 2016 ikaamuliwa kwamba kuuza kompyuta pamoja na programu zilizokwishawekwa si lazima iwe biashara ya hila, na kwamba kutotaja bei ya kila programu hakumpotoshi mteja. Nimeusoma uamuzi huo mara kadhaa na bado siafikiani nao. Mtu asiyetajiwa bei atajuaje kama amepotoshwa?

Italia mambo yalikwenda vingine. Mtaalamu mmoja wa programu alinunua Lenovo mwaka 2018, akaikataa Windows, akadai euro 42. Kampuni ikagoma. Hakimu akampa haki, kampuni ikakata rufaa, na Desemba 2020 mahakama ya Monza ikaitupa rufaa hiyo na kuiamuru kampuni imlipe euro 20,000 za ziada kwa kumsumbua mtu bure. Mimi habari hiyo ilinifurahisha kwa ajili ya hizo 42, wala si hizo elfu ishirini. Zile 42 zilitamkwa. Angalau mara moja, mbele ya hakimu, Windows ilipewa bei yake peke yake.

Hapa kwetu hakuna atakayekwenda mahakamani kwa euro 42, yaani laki na ushee. Nauli za kuhudhuria kesi tu zitaimaliza. Na sitaki kumdanganya msomaji kwamba ukipiga simu kwa wakala wa kampuni mjini Dar es Salaam utarudishiwa chochote. Kinachobaki ni kununua kwa akili, na kuwabana wanaonunua kwa wingi.

Tuanze na hizi zinazoandikwa "DOS" kwenye kikaratasi cha bei. Zipo Dar es Salaam na Nairobi, hasa mashine za bei ya chini za HP na Lenovo. DOS inayosemwa ni FreeDOS, mradi alioanzisha Jim Hall mwaka 1994 akiwa mwanafunzi wa fizikia huko Wisconsin, aliposikia Microsoft inataka kuizika MS-DOS. Ni programu halali na ya bure. Kiwanda kinaiweka ili mashine isitoke tumbo tupu. Kuna kichekesho ndani yake: kompyuta nyingi za kisasa haziwezi tena kuwasha DOS moja kwa moja, kwa hiyo katika baadhi ya mashine za HP hiyo FreeDOS imekalishwa juu ya Linux ndogo inayoibeba. Unaambiwa mashine haina mfumo wa maana, kumbe Linux imo tayari, imepewa kazi ya upagazi.

Kwa mtu wa Linux, mashine ya DOS ndiyo ingekuwa jibu. Ila nendeni mkaone inavyouzwa. Muuzaji anakuonyesha, anakwambia ni ya DOS, na kabla hujapumua anaongeza kwamba usijali, fundi yupo hapo nyuma atakupigia Windows kwa elfu ishirini. Elfu ishirini! Na Office ndani yake, na Photoshop, na programu ya uhandisi ambayo leseni yake halali inazidi bei ya mashine yenyewe.

Hapa nitawaudhi rafiki zangu mafundi, na nawaomba radhi mapema maana nitawahitaji tena. Hii Windows ya kupigwa ndiyo inayotufanya tuilipie Windows halali bila kuuliza. Mtaani petu kila mtu anaamini Windows ni kitu cha bure, kama maji ya kisima, unachomlipa fundi ni jasho lake tu. Mtu mwenye imani hiyo hawezi kuuliza dukani leseni ni kiasi gani. Hana sababu ya kuijaribu Linux, maana sifa kubwa ya kwanza ya Linux, kwamba huilipii, kwake haina uzito. Na wakubwa wanalijua hilo. Mwaka 1998 Bill Gates aliwaambia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington kwamba kama Wachina wataiba programu, basi yeye angependa waibe za kwake, kwa sababu watazizoea, na namna ya kuwadai itapatikana baadaye. Siku ya kudaiwa kwa mwenye biashara ndogo huja pale unapoomba zabuni ya taasisi kubwa na unatakiwa uonyeshe leseni zako.

Halafu kuna hicho kidude cha kuamshia Windows bila kulipa. Ili kifanye kazi, fundi anakuomba kwanza uzime kinga ya virusi. Fikiria hilo kidogo. Mashine ya steshenari, yenye vitambulisho vya watu, namba za mitihani, vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa, na jambo la kwanza kuifanyia ni kuizimia ulinzi ili kuingiza programu ambayo hakuna anayejua imeandikwa na nani. Sitaki. Wala siyo utakatifu. Siku taarifa za mteja zikivuja, atanijia mimi. Fundi atakuwa ameshahamia Kahama.

Na hizo laptopu za DOS, kusema kweli, hazipungui bei kama inavyopaswa. Wauzaji wana hoja yao: zinakuja chache, na zile zenye Windows viwanda huzijaza programu za majaribio ambazo wenye programu hizo huvilipa, hivyo sehemu ya bei ya leseni hufidiwa hukohuko. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini angalieni inavyofanya kazi. Bei ya leseni haionekani, na fidia yake haionekani, na katikati ya giza hilo mimi natakiwa niamini kwamba hesabu imekaa sawa. Ni kama yule dalali wa nyumba usiyemwita, ambaye kodi ya mwezi mmoja inamwendea yeye, na ukihoji unaambiwa nyumba ndivyo zinavyopatikana.

Isisemwe kwamba haiwezekani kutenganisha. Kampuni ya Framework ya Marekani, iliyotoa laptopu yake ya kwanza mwaka 2021, inauza mashine ya kujiungia mwenyewe. Ukitaka Windows unaiongeza kwenye oda na bei yake unaiona, usipoitaka unaipita. Lenovo yenyewe tangu 2020 inauza baadhi ya ThinkPad zikiwa na Fedora, aina mojawapo ya Linux, na kwenye tovuti yake ya Marekani ukichagua Linux badala ya Windows kwenye baadhi ya mashine, bei inashuka palepale mbele ya macho yako. Dell ina laptopu za Ubuntu, nayo ni Linux, tangu 2007. Wapo pia wanaouza Linux tupu, System76 wa Denver, Tuxedo wa Augsburg, Slimbook wa Valencia. Wana sifa nzuri, na sijawahi kuagiza kwao, kwa sababu kwa mtu wa Morogoro nauli, ushuru na safari ya kurudisha mashine ikiharibika vinakula akiba yote ya leseni na kuendelea. Basi kitufe cha kuikataa Windows kipo. Hakijafika kwetu tu.

Kwa hiyo mimi nanunua mtumba, na namshauri yeyote anayetaka Linux afanye hivyo. Laptopu za ofisi za Ulaya zinazoshuka hapa, HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, leseni yake ililipwa zamani na benki ya Manchester au bima ya Hamburg. Kwenye bei unayopewa leo Windows imeshachakaa pamoja na chaja. Tena mashine hizi zinaielewa Linux kuliko nyingi za boksi. Zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, nyingi zina kadi za waifai za Intel, vipuri vyake vinajulikana, na waandishi wa Linux wenyewe wamezitumia miaka na miaka. Zile mpya za bei poa ndizo zenye vituko: kadi ya waifai ya Realtek ambayo kiendeshi chake bado hakijatulia, diski isiyoonekana mpaka uingie kwenye baiosi ubadilishe mpangilio, kamera isiyojulikana na mtu.

Na sasa mzigo ni mwingi. Windows 11 inataka, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Windows 10 Microsoft iliiacha mkono tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi nyingi za huko zinatupa mashine nzima ambazo kosa lake ni kuzaliwa mwaka mmoja mapema. EliteBook 840 G3, Latitude E7470, ThinkPad T470: hizi haziingii kwenye orodha ya Windows 11, na kwa Linux zina umri mrefu bado. Ukiwa na fedha zaidi, T480 au 840 G5 ni bora. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa, na umeme unavyokatika mtaani kwetu hilo si jambo la kupuuza.

Namna ya kununua sasa, maana hapa ndipo wengi wanapoliwa. Nakwenda na flashi ya GB 8 yenye Linux Mint, imeandaliwa ili iwake bila kugusa diski ya mashine. Muuzaji anawasha Windows yake aliyoipiga jana, anacheza video, anasema unaona mama, iko fresh. Mimi namwomba azime. Nachomeka flashi, nawasha huku nagongagonga F9 kama ni HP, F12 kama ni Dell au Lenovo, inatokea orodha, nachagua flashi. Dakika chache skrini ya Mint inafunguka na maduka ya jirani yanakuja kuchungulia.

Hapohapo naiunganisha na simu yangu kwa waifai. Ikikubali, kazi kubwa imekwisha. Nacheza sauti, nafungua kamera, nabonyeza kila herufi ya kibodi, zote, bila aibu. Kibodi nyingi zinatoka Ujerumani, ambako Y na Z zimebadilishana viti, na wauzaji wanabandika stika juu. Halafu nafunga kifuniko. Nahesabu pumzi chache, nafungua. Mashine isiyoamka vizuri kutoka usingizini itakutesa kila siku ya maisha yake, na ni jambo ambalo hakuna muuzaji anayekuonyesha.

Betri nayo haiaminiki kwa maneno. Pale kwenye Linux naandika upower -d, yanatokea maandishi mengi, na mimi natafuta mistari miwili: uwezo betri iliozaliwa nao, na uwezo ilionao sasa ikijaa. Siku moja ilisoma 50 na 17. Kijana wa duka alikuwa ameniapia saa tano. Nilimgeuzia skrini asome mwenyewe, akanyamaza, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Basi nikutolee elfu hamsini ukanunue betri." Tukaelewana. Namba za Linux zilinipa punguzo ambalo kubembeleza kusingenipa.

La mwisho pale kaunta ni baiosi. Nazima, nawasha, naingia humo. Ikidai nenosiri, mashine naiacha hata kama inauzwa kwa bei ya kutupwa, kwa sababu ama ni ya kampuni iliyosahau kuifungua, ama imeibwa, na kwenye ThinkPad nenosiri hilo halitoki kwa kuchomoa kabetri kadogo ka ndani kama mafundi wanavyosema.

Kuna kitu kingine nilikigundua humo ambacho kimenifanya nicheke peke yangu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine zinazotoka kiwandani na Windows huandikwa namba ya leseni ndani ya chipu ya baiosi yenyewe. Ile stika ya namba chini ya laptopu ikastaafu. Kwenye Linux kuna faili liitwalo MSDM linaloionyesha. Nimelifungua kwenye mashine nyingi za mtumba, na mara nyingi namba imo, nzima, ya Windows Pro. Maana yake mashine ile ina leseni halali tumboni. Ukipakua Windows 10 kutoka kwa Microsoft wenyewe ukaiweka, inajitambua bila kuuliza. Na juu ya leseni hiyo iliyolipwa, fundi amepiga Windows ya wizi kwa elfu ishirini. Mteja amelipia kuibiwa kitu alichokuwa nacho.

Wanaouliza kama kazi zinafanyika: zinafanyika. Maombi ya mkopo wa masomo ya HESLB, maombi ya kazi ya Ajira Portal, usajili wa biashara wa BRELA, vyote vinafunguka kwenye kivinjari, na Firefox ya Linux ni Firefox. Printa za HP hazijanisumbua. Kuna printa moja ya leza ya kampuni nyingine niliyoiuza kwa jirani kwa kushindwana nayo. Nyaraka za Word nazifungua kwa LibreOffice, na hapo nisifiche: tasnifu yenye majedwali na yaliyomo ya kujitengeneza huhama kurasa. Ukiweka fonti za Carlito na Liberation, zilizotengenezwa kwa vipimo vya Calibri na Times New Roman, sehemu kubwa ya tatizo hupungua, isiishe. Ndiyo maana mashine moja dukani nimeiacha na Windows yake halali na Office ya kulipia, kwa ajili ya tasnifu na kwa ajili ya wateja wabishi. Nailipia kwa sababu naitumia. Hicho ndicho ninachodai kwa nyingine zote, kulipia ninachotumia.

Na isidhaniwe hii ni ndoto iliyoletwa na ndege. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu mpaka maonyo, na ya bure. Baadhi ya waliokuwa wanafunzi wakati ule leo ni wakuu wa idara na maofisa ununuzi. Ndio hao ninaotaka kuongea nao.

Maana mimi nikinunua mashine moja Kariakoo simtishi mtu. Halmashauri inayonunua mia mbili kwa ajili ya shule inaweza. Lakini soma masharti ya zabuni zetu nyingi: prosesa kadhaa, RAM kadhaa, halafu "Windows 11 Pro" imeandikwa kana kwamba ni sehemu ya chuma, na bei inaombwa moja kwa kila mashine. Mzabuni akitaka kuleta laptopu isiyo na Windows kwa bei nafuu, amekwishakosa sharti kabla bahasha haijafunguliwa. Sasa hivi ununuzi wa serikali unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na kuongeza mstari kwenye jedwali la bei hakuhitaji sheria mpya. Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni kazi yake, inaweza kuwataka waagizaji wakubwa watenganishe bei hiyo kwenye ankara. Sisemi shule zote ziende Linux. Shule ikiitaka Windows na fedha inayo, inunue, ila mkuu wa shule aone kwamba kwa laptopu mia mbili leseni ni kiasi hiki, na kiasi hiki kingenunua madawati mangapi au laptopu ngapi zaidi. Akishaona, achague.

Mkuu wa sekondari moja ya binafsi hapa mkoani, mteja wangu wa mitihani ya majaribio, anatangaza zabuni ya chumba cha kompyuta mwezi ujao. Aliniomba nimwandikie maneno ya kuingiza kwenye masharti. Nimemwandikia haya, na mwingine yeyote anaweza kuyanakili:

"Mzabuni ataje bei ya kompyuta bila mfumo endeshi, na kwenye mstari wake peke yake ataje bei ya leseni ya mfumo endeshi, kwa mashine moja na kwa idadi yote. Shule ina hiari ya kuchukua mstari wa kwanza bila wa pili. Baiosi iwe haina nenosiri. Kabla ya mzigo kupokelewa, kila mashine itawashwa kwa flashi ya Linux ya shule, na waifai, sauti, kamera, betri na kuamka baada ya kufungwa kifuniko vitajaribiwa mbele ya mleta mzigo. Isiyofaulu itarudi naye siku hiyohiyo, kwa gari lake."